Sura ya Tano: Herufi L

Karatasi ilitoka kwenye mashine ikiwa bado na joto. Ilikuwa kliniki ndogo ya mtu binafsi mjini Bungoma, upande wa Kanduyi, mahali ambapo maabara na dirisha la kulipia vimetenganishwa na pazia tu. Nilikuwa nimekwenda kwa sababu ya homa iliyoniandama siku tatu. Malaria haikuonekana. Lakini mstari wa kwanza wa ile karatasi, mbele ya herufi WBC, ulikuwa na namba 3.2, na kando yake herufi moja nene: L.

Kijana aliyenipokea aliitazama karatasi, akanitazama usoni, akairudia karatasi.

"Mzee, seli zako nyeupe ziko chini," akasema. "Kinga imeshuka."

Kwenye benchi lile lile alikaa bibi mmoja wa Chwele, karatasi yake mkononi, naye alikuwa na herufi hiyo hiyo. Akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kujibiwa: "Mwanangu, hii L ni ya nini?"

"Inaonyesha kwamba iko chini, kukhu."

"Chini ya nani?"

Kijana akacheka, sote tukacheka, na swali likapita. Mimi nilipimwa virusi vya ukimwi siku hiyo, nikapimwa tena baada ya muda, nikaambiwa nirudi mara ya tatu. Majibu yote yalikuwa safi. Nilinunua vidonge vya kuongeza damu, nikala mlonge mpaka nikauchukia. Homa ilikwisha yenyewe siku ya tano. L ilibaki. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba siku ile, ndani ya pazia lile, aliyeuliza swali la kitaalamu alikuwa kukhu, yule bibi wa Chwele.

Tuanze na namba yenyewe. 3.2 ni ufupisho wa seli nyeupe 3,200 katika mikrolita moja ya damu, na mikrolita ni kitu kidogo: tone linaloning'inia kwenye ncha ya kidole kilichochomwa lina kama 50. Ndani ya mashine imewekwa kanuni kwamba mtu mzima mwenye afya huwa na 4,000 hadi 10,000. Chini ya hapo inachapa L, juu ya hapo inachapa H. Haijui kama uko Bungoma au Boston, umelala njaa au umetoka kukimbia.

Nazo seli nyeupe si za aina moja. Zilizo nyingi kwa kawaida ni nyutrofili, ambazo kiini chake kimejikata vipande vitatu au vinne vilivyoungana kwa uzi mwembamba. Hizi ndizo za kwanza kufika penye jeraha. Kuna limfosaiti, zenye kumbukumbu ya maadui wa zamani. Kuna monosaiti, ambazo zikiingia kwenye nyama ya mwili hukua na kuwa walaji wakubwa waitwao makrofeji. Kuna esinofili, ambazo protini moja iitwayo intaleukini-5 huziongeza mtu akiwa na minyoo au pumu. Basofili ni chache mno. Sura hii inazifuata zaidi nyutrofili, kwa kuwa ndizo zinazopandisha na kushusha ile namba ya juu kabisa.

Watu wa Kitale watanielewa haraka nikisema hivi. Ukitaka kujua Trans Nzoia ina mahindi kiasi gani, hutasimama kwenye barabara ya Eldoret ukahesabu malori. Malori yatakuambia ni mahindi mangapi yako safarini saa hiyo. Mengi yako ghalani, mengine bado yako shambani, na huwezi kujua lolote bila kujua nani ametoa amri ya kufungua ghala. Damu ni ile barabara. Ghala ni uboho wa mifupa: nyonga, uti wa mgongo, mbavu, kifua. Uboho wa mtu mzima hutoa nyutrofili kama bilioni 100 kwa siku, na hiyo ni siku ya kawaida ambayo hana hata mafua. Zilizokwisha komaa zikisubiri humo ndani ni nyingi kuliko zinazozunguka kwenye damu, mara nyingi zaidi. Ikishatoka, nyutrofili haikai barabarani. Katika muda wa saa chache hadi siku moja hivi imeingia kwenye nyama ya mwili, au imefika kwenye bandama na ini ambako huzeeka na kuondolewa.

Hata hizo zilizo barabarani, karibu nusu zimeegeshwa. Zimejibanza kwenye kuta za mishipa, na sindano ya mpimaji haizichoti. Hofu peke yake yaweza kuzibandua. Abiria wa bodaboda aliyekoswakoswa na lori pale Webuye, akipimwa damu dakika chache baadaye, anaweza kuonekana ana seli nyeupe nyingi kuliko alizoamka nazo asubuhi, na hakuna hata moja iliyozaliwa njiani: adrenalini imeziondoa ukutani na kuzirudisha kwenye mkondo. Mkimbiaji aliyemaliza mazoezi naye ni hivyo hivyo. Ndiyo maana namba moja ya siku moja ni ushahidi hafifu.

Anayefungua ghala ni nani, basi?

Chukua mwezi wa Mei, palizi ya mahindi, shamba fulani upande wa Kiminini. Jembe linateleza kwenye jiwe na kukata mguu, juu kidogo ya kidole gumba. Mwenye mguu anafunga kitambaa na kuendelea, maana kibarua hulipwa kwa kipande. Udongo umeshaingia kwenye jeraha, na ndani ya udongo kuna bakteria.

Chini ya ngozi, makrofeji waliokuwa wakilinda pale tangu zamani wanagusa vipande vya kuta za bakteria na mabaki ya seli zilizopasuliwa na jembe. Hawana simu wala mshipa wa fahamu. Walicho nacho ni protini ndogo ambazo seli moja huzimwaga ili seli nyingine izisome. Wanasayansi huziita saitokini. Tatu za mwanzo zina majina ya kuchosha, lakini zitarudi tena na tena katika kitabu hiki: TNF, intaleukini-1 na intaleukini-6. Kiasi chake hupimwa kwa pikogramu, yaani sehemu moja ya trilioni ya gramu. Kwa kiasi hicho, kibarua aliyekata mguu ataumwa mwili mzima.

TNF na intaleukini-1 zinausomea ukuta wa ndani wa mishipa ya damu iliyo karibu. Ukuta uliokuwa laini kama bomba jipya unaota vikulabu vya protini viitwavyo selektini. Nyutrofili iliyokuwa ikipita kasi inanaswa, inaponyoka, inanaswa tena, na kuanza kubingirika ukutani kama gurudumu la mkokoteni lililofungwa breki. Hapo inakutana na ujumbe wa pili. Kuna jamii ya saitokini zinazoitwa kemokini, na kazi yake ni kuonyesha njia. Mashuhuri miongoni mwake ni intaleukini-8, ambayo hubandikwa kwenye ukuta wa mshipa kama tangazo kwenye nguzo ya umeme. Nyutrofili ikiisoma, inakaza kamba zake, inasimama, inalala bapa, na kujipenyeza katikati ya seli mbili za ukuta hadi nje. Huko inafuata mahali penye harufu kali zaidi ya kemokini hadi kwenye jeraha. Inameza bakteria, inamwaga sumu, na wakati mwingine inautupa nje uzi wake wa DNA kama wavu. Kisha inakufa. Usaha unaoukamua kwenye jipu, sehemu yake kubwa ni maiti za nyutrofili.

Mwandishi Celsus wa Roma, katika karne ya kwanza, aliandika dalili nne za hali hii ambazo wanafunzi wa utabibu bado wanazikariri: joto, wekundu, uvimbe, maumivu. Celsus hakuwahi kuuona mguu wa Kiminini. Kwenye ngozi yetu wekundu mara nyingi hauonekani, au huonekana kama weusi uliozidi na ngozi kung'aa. Mama mzoefu hatafuti rangi. Anaweka mgongo wa mkono juu ya mguu mmoja, kisha juu ya mwingine, akalinganisha. Natamani vitabu vya utabibu vingeanzia kwenye mgongo huo wa mkono.

Jioni imefika, na sasa barua zimeshaingia kwenye damu na kwenda mbali. Intaleukini-6 inafika kwenye ini, nalo linaanza kutengeneza protini ya CRP, ambayo hupanda ndani ya saa kama sita na kufika kileleni baada ya siku mbili hivi. Ndiyo maana kliniki nyingi siku hizi zinaipima. Saitokini hizo hizo zinausukuma ubongo kutengeneza prostaglandini, na kipimajoto cha mwili kinapandishwa: kibarua anajifunika blanketi na kutetemeka ilhali paji la uso linachoma. Paracetamol anayonunua dukani inazuia prostaglandini. Saitokini zenyewe inaziacha zilivyo, kwa hiyo homa hurudi dawa ikiisha nguvu.

Na kuna barua ya tatu, inayoelekezwa ghalani. Jina lake ni G-CSF. Huandikwa na makrofeji, na kuta za mishipa, na seli zinazofuma nyama ya mwili, zote zikiwa zimechokozwa na TNF, intaleukini-1 na jamaa yao mwingine, intaleukini-17. Ikifika kwenye uboho inatoa amri mbili kwa pamoja. Ya kwanza: fungueni lango. Siku zote nyutrofili zilizokomaa huzuiwa ndani ya uboho na kemokini moja iitwayo CXCL12, ambayo inashika kipokezi kilicho juu ya nyutrofili kama mtu anayemshika mtoto mkono sokoni. G-CSF inapunguza CXCL12. Mkono unalegea, na kwa kuwa kemokini nyingine huku nje zinaita, nyutrofili zinamiminika barabarani ndani ya saa chache. Amri ya pili: zalisheni zaidi, tena upesi. Uboho unaongeza kazi na kufupisha muda wa kukomaa.

Jeraha likiwa baya, ghala hutoa hata zisizokomaa. Mpimaji mwenye jicho zuri huziona kwenye slaidi: kiini chake bado ni kama kiatu cha farasi, hakijakatika vipande. Ni kama mkulima anayevuna mahindi hayajakauka kwa sababu muhula umefunguliwa na karo haijalipwa. Anayeona mahindi mabichi kwenye lori anajua nyumbani kuna shida. Daktari naye akiziona hizo, hahitaji namba kumwambia kwamba hali si nzuri.

Kesho yake kibarua akipimwa, 5,000 imekuwa 15,000. Mashine inachapa H.

Amri hii ya G-CSF iligunduliwa polepole mno. Katikati ya miaka ya 1960, huko Melbourne, Australia, Donald Metcalf na mwenzake Ray Bradley waliziotesha seli za uboho wa panya kwenye ute mzito wa agari. Wakaona kwamba zinaunda makundi ya seli nyeupe ikiwa tu kuna seli za aina nyingine karibu. Kuna kitu kilikuwa kinatoka huku kwenda kule. Israeli nako watu wengine waliona jambo hilo hilo wakati huo huo. Kukipata kitu chenyewe kukachukua karibu miaka 20, kwa kuwa kiasi chake kilikuwa kidogo kiasi cha kukatisha tamaa. G-CSF ya panya ilisafishwa mwaka 1983, ya binadamu mwaka 1985, jeni yake ikasomwa mwaka 1986, na mwaka 1991 Marekani iliruhusu dawa ya sindano itokanayo nayo, filgrastim. Leo Shirika la Afya Duniani linaihesabu miongoni mwa dawa muhimu. Anayechomwa sindano hiyo baada ya dawa za saratani mara nyingi hulalamika kwamba kiuno na mifupa inauma. Ghala limejaa kupita kiasi.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi lango linavyofungwa. Kufungua kila mtu anaelewa. Lakini nyutrofili ni silaha isiyo na macho mazuri. Sumu yake huchoma bakteria na nyama ya mwenyewe pia, na lango likibaki wazi mwili utajiunguza. Breki ziko kadhaa. Nyutrofili zenyewe zina vipokezi vya G-CSF, na kila inayoishika huimeza, kwa hiyo zikiwa nyingi barabarani zinaila barua inayoziita. Kisha kuna maiti. Makrofeji akila nyutrofili iliyokufa kwa utaratibu, anapunguza ujumbe uitwao intaleukini-23. Ukipungua huo, intaleukini-17 inapungua. Ikipungua hiyo, G-CSF inapungua. Ghala linajua idadi ya malori kwa kuhesabu yaliyokwisha kuzikwa. Juu ya yote kuna intaleukini-10, ambayo kazi yake ni kusema basi. Siku ya nne au ya tano kibarua wetu, Mungu akipenda na jeraha likioshwa, anarudi kwenye 5,000 yake.

Ukiteremka sasa kutoka Kitale, iliyo mita kama 1,900 juu ya bahari, ukapita Kiminini na Kamukuywa hadi Bungoma, unashuka karibu mita 500, na unaingia kwenye nchi ya malaria. Hapa hadithi ya jembe inageuka.

Kimelea cha malaria cha falciparum hukaa ndani ya chembe nyekundu kwa saa kama 48, kisha huipasua. Zinapopasuka nyingi kwa wakati mmoja, taka zake humwagika kwenye damu na makrofeji hujibu kwa kumwaga TNF. Mgonjwa anatetemeka. Ungetegemea H kwenye karatasi. Lakini mara nyingi sana mwenye malaria ana seli nyeupe za kawaida au pungufu. Zimehama mkondo: zimejibanza kwenye kuta za mishipa, zimejaa kwenye bandama, ambako chembe nyekundu zenye vimelea zinakamatwa. Homa ya matumbo nayo hushusha namba vivyo hivyo. Kwa hiyo H si kipimo cha ukali wa ugonjwa, wala kutokuwepo kwa H si dalili ya nafuu. Hili wauguzi wa Bungoma wanalijua bila kuambiwa na kitabu.

Simama nyuma ya mpimaji mbele ya hadubini. Tone nene la damu limekaushwa, limetiwa rangi ya Giemsa, na juu yake kuna tone la mafuta. Vidole vyake viko kwenye kihesabio: huku vimelea, huku seli nyeupe, zinazoonekana kama mabaka ya zambarau. Haangalii damu ni kiasi gani. Anahesabu vimelea mpaka amalize seli nyeupe 200, anagawanya, kisha anazidisha kwa 8,000. Hiyo 8,000 ni makisio ya Shirika la Afya Duniani ya seli nyeupe katika mikrolita moja ya damu ya mtu. Akipata vimelea 150 kwa seli nyeupe 200, anaandika 6,000. Ikiwa mwenye kidole, kwa kweli, ana seli nyeupe 4,000, vimelea vyake ni 3,000, nusu ya vilivyoandikwa. Kwa matibabu ya kawaida haidhuru, dozi ni ile ile. Kwa mtafiti anayelinganisha dawa mbili au chanjo mbili, nusu si jambo dogo. Na sababu ya nusu hiyo ndiyo jibu la kukhu.

Mwaka 1950 watafiti huko Uingereza waliandika kuhusu kundi jipya la damu walilolipa jina la mgonjwa wa hemofilia aliyewafanya waligundue: Duffy. Baadaye ikaonekana kwamba Waafrika wengi mno, hasa wa magharibi, kati na mashariki ya bara, hawana alama ya Duffy kwenye chembe zao nyekundu. Katikati ya miaka ya 1970, Mmarekani Louis Miller na wenzake walionyesha maana yake: kimelea kingine cha malaria, vivax, hutumia Duffy kama mlango. Asiye na mlango haingiliwi kirahisi. Ndiyo sababu vivax, inayosumbua India na Ethiopia, ni adimu magharibi mwa Kenya.

Hapo hadithi ingeishia kwa wataalamu wa malaria. Lakini mwaka 1993 ilijulikana kwamba Duffy ni kitu kingine pia: ni kipokezi cha kemokini. Kinashika intaleukini-8 na wenzake. Matrilioni ya chembe nyekundu zilizo nacho hufanya kazi kama sifongo, zikinyonya na kuachia barua zile zile zinazoelekeza nyutrofili. Mwaka 1995 kosa lenyewe likapatikana: herufi moja tu ya DNA imebadilika, mahali pa swichi inayowasha jeni ya Duffy kwenye chembe nyekundu. Kwingineko mwilini, kama kwenye kuta za mishipa midogo, jeni inaendelea kuwaka. Na mwaka 2009 watafiti walipopekua jeni za Wamarekani weusi wakitafuta kwa nini wengi wao wana nyutrofili chache, kidole kikaangukia herufi hiyo hiyo. Waliorithi badiliko kwa baba na kwa mama ndio wenye namba ya chini.

Kwa nini herufi hiyo ishushe nyutrofili? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulielekeza macho kwenye uboho wenyewe. Chembe nyekundu changa, zikiwa bado ghalani, hukaa bega kwa bega na seli mama za nyutrofili, na Duffy iliyo juu yake huathiri jinsi nyutrofili zinavyolelewa. Isipokuwepo, nyutrofili zinazotoka zina tabia nyingine: huacha barabara upesi zaidi na kwenda kwenye bandama. Uboho wa watu hawa ukichunguzwa ni mzima. Ghala limejaa. Malori yao hayakai njiani.

Mwaka huo huo wa 2009 watafiti wa Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia walichapisha vipimo vya watu wazima zaidi ya 2,000 wenye afya. Mwaka mmoja kabla, kazi ya namna hiyo ilikuwa imetoka Kericho. Mpaka wa chini wa seli nyeupe katika nchi hizo nne ulikuwa karibu na 3,000, na wa nyutrofili karibu na 1,000, wakati vitabu vya Ulaya na Marekani huanza kuita ugonjwa chini ya 1,500. Maana yake ni kwamba watu wengi wazima wa afya walikuwa wakiandikiwa L kila walipopimwa, na wengine wakikataliwa kuingia kwenye majaribio ya dawa na chanjo yaliyokusudiwa kuwasaidia wao.

Chini ya nani? Chini ya watu wenye Duffy, kukhu.

Hali hii kwa miaka mingi iliitwa upungufu wa nyutrofili wa kikabila usio na madhara. Sikulipenda jina hilo tangu nililisoma. Linamhesabu mtu kuwa mpungufu kisha linamfariji kwamba upungufu wake hauna neno. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa damu wameanza kuliacha na kutaja Duffy yenyewe, na wamefanya vyema.

Madhara ya kutolijua hili yapo. Mgonjwa wa saratani kutoka Bungoma anayepanda gari alfajiri kwenda Eldoret kwa kemo hupimwa damu kwanza, na mara nyingi kikomo ni nyutrofili 1,500. Aliyeishi maisha yake yote na 1,300 anaweza kuambiwa arudi wiki ijayo. Nauli imekwenda, na uvimbe haujui kuahirisha. Kwa mtu kama huyo namba aliyokuwa nayo kabla ya kuugua ina uzito kuliko namba ya kitabu.

Lakini isije ikaeleweka kwamba kila L ni ya Duffy. Kitale ni mji wa kupitia kwa wanaokuja kutoka Pokot Magharibi, na huko kuna kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi wa mchangani na kutibiwa katika hospitali ya Kacheliba. Mgonjwa huja amekonda, tumbo limejaa bandama, homa haikomi. Damu yake imepungua pande zote: nyekundu, nyeupe, na chembe za kugandisha. Kimelea kimejificha ndani ya makrofeji wenyewe, na mwili umejaa intaleukini-10, ile inayosema basi, ikisema basi kabla kazi haijafanyika. Asipotibiwa, anakufa, mara nyingi kwa maambukizi mengine yaliyokuta lango bila mlinzi. Karatasi yake na yangu zinaweza kuwa na herufi moja ile ile kwenye mstari wa kwanza.

Tofauti iko kwenye mistari ya chini, na kwenye mwili, na kwenye karatasi za zamani. Yangu ilikuwa na chembe nyekundu nzuri na chembe za kugandisha za kutosha. Nilikuwa nakula, sikukonda, na nilipotafuta kwenye sanduku nikaipata karatasi nyingine ya miaka kumi nyuma, imekunjika: 3.4. Kama kijana wa Kanduyi angeiona hiyo, ningeokoa pesa za mlonge.

Kwa hiyo usiitupe karatasi ya damu ukitoka hospitali. Iweke kwenye bahasha moja na kitambulisho na kadi ya kliniki, iandike tarehe, na uandike kama ulipimwa ukiwa mzima au ukiwa mgonjwa. Siku utakapoonyeshwa L, itoe. Ila ukiwa kwenye kemo, na mwili ukachemka, usikae nyumbani ukisoma sura hii: nenda usiku huo huo.